Je, Mfalme wa Fantasia Lazima Aseme Kikale?

Msomaji anayefungua riwaya ya fantasia ya Kiingereza, yenye majoka na panga zilizopewa majina, mara nyingi husimamishwa na lugha kabla hajalifikia joka. Mfalme anamwita mtu "thou" badala ya "you". Vitenzi vimeongezwa miisho ambayo Mwingereza wa leo huikuta katika Biblia ya zamani au tamthilia za Shakespeare tu. Wako wanaoipenda lugha hiyo mpaka wanaikariri, na wako wanaokifunga kitabu kwenye ukurasa wa tatu. Kwetu sisi tuliojifunzia Kiingereza darasani, jambo hili linasumbua zaidi. Tulifundishwa kwamba Kiingereza kizuri ni kile kilicho wazi na cha siku hizi, kisha tunaambiwa kwamba baadhi ya vitabu vinavyopendwa kuliko vyote duniani vimeandikwa kinyume na hayo.

Mjadala ufuatao nimeupanga kwa sauti mbili nilizozibuni: Shangazi, mwalimu mstaafu wa fasihi ya Kiingereza, na Mpwa, kijana anayefanya kazi ya kufasiri. Wao ni wa kubuni, lakini waandishi, vitabu na miaka wanayoitaja ni ya kweli, na hoja wanazorushiana ziliwahi kurushwa na watu wenye majina makubwa. Nami nitaingilia pale ninapoona jambo linahitaji maelezo marefu kuliko yanayowezekana katika mabishano.

MPWA: Shangazi, niwie radhi, kwa hili siko nawe. Tolkien alizaliwa mwaka 1892. Alipanda treni, alisoma magazeti, alipigana kule Somme mwaka 1916 na kuyaona mahandaki na mizinga kwa macho yake. Mtu wa namna hiyo anapompa mfalme wake maneno ya karne ya 15, ananitaka nikiheshimu kitu kabla hajanipa sababu ya kukiheshimu. Maneno yakizeeshwa, hata wazo jepesi huonekana zito. Hicho ndicho kinachonikera.

SHANGAZI: Nimekusikia, baba, lakini umeanzia katikati. Tolkien aliikuta lugha hiyo imeshatiwa ndani ya riwaya na mtu mwingine. Ukimruka William Morris hutaelewa kilichotokea. Morris alikuwa mshairi, mchoraji wa nakshi za vitambaa na karatasi za ukutani, na msoshalisti wa kweli aliyehutubia wafanyakazi mitaani. Aliishi katika Uingereza ya viwanda na moshi, akavichukia vitu vilivyotengenezwa ovyo kwa ajili ya faida. Akiwa na Eiríkr Magnússon, mwanazuoni wa Aisilandi, alifasiri saga, yaani masimulizi ya kale ya Aisilandi: ya Grettir mwaka 1869 na ya Wavolsungi mwaka 1870. Mwaka 1871 akaenda Aisilandi mwenyewe, akarudi tena mwaka 1873. Miaka ya mwisho ya uhai wake ndipo akaandika The Wood Beyond the World mwaka 1894 na The Well at the World's End mwaka 1896. Watafiti wengi wanaziona kazi hizo kuwa ndizo riwaya za mwanzo za fantasia zilizowekwa katika dunia iliyobuniwa yote. Na alizichapa katika matbaa yake mwenyewe ya Kelmscott, kwa mashine ya mkono, kwa herufi alizozichora yeye.

MPWA: Herufi nzuri haziifanyi sentensi iwe nyepesi kusomeka.

SHANGAZI: Sikusema nyepesi. Nasema kwamba lugha ile ilikuwa sehemu ya ufundi uleule. Mtu aliyekataa karatasi mbaya na wino mbaya alikataa pia maneno aliyoyaona yamechakazwa na magazeti na matangazo ya biashara. Akapendelea maneno yenye asili ya lugha za Kigermanik, akayaepuka yale ya Kilatini na Kifaransa pale alipoweza. Unaweza kusema alikosea, lakini usiseme alidanganya.

MPWA: Watu wa zama zake walisema hivyohivyo, tena kwa ukali kuliko mimi. Morris alipotoa tafsiri yake ya Odisea mwaka 1887, mwaka uliofuata Archibald Ballantyne aliandika katika jarida la Longman's Magazine kwamba hicho ni Kiingereza cha Wardour Street. Shangazi, unaijua habari ya mtaa ule. Ni mtaa wa London uliokuwa na maduka ya samani za kale, na pamoja nazo samani mpya zilizotengenezwa zionekane za kale. Alisema Kiingereza cha Morris hakikusemwa na kizazi chochote cha Waingereza. Ni mkusanyiko wa maneno ya karne mbalimbali yaliyowekwa mahali pamoja. Mpaka leo jina hilo limebaki kwa lugha yoyote ya kikale ya kughushi.

SHANGAZI: Nalijua. Na Ballantyne hakuwa wa kwanza. Mwaka 1579 Edmund Spenser alitoa The Shepheardes Calender akiwa ameyafukua maneno ya zama za Chaucer, mshairi wa karne ya 14. Kitabu kilitoka na maelezo ya maneno magumu mwishoni mwa kila shairi, maana hata Waingereza wenyewe hawakuyajua tena. Philip Sidney, aliyetunukiwa kitabu hicho, hakuipenda lugha hiyo ya kikale ya mashambani. Kisha Spenser akaja na The Faerie Queene, sehemu ya kwanza mwaka 1590, yenye majoka, mashujaa, wachawi na malkia wa ajabu. Ben Jonson akatoa hukumu kwamba Spenser, kwa kuwaiga watu wa kale, hakuandika lugha yoyote. Hebu tazama: ni shutuma ileile ya Ballantyne, miaka mia mbili na zaidi kabla yake. Lakini Jonson huyohuyo alishauri Spenser asomwe kwa ajili ya yaliyomo. Na mshairi aliyeambiwa hana lugha ndiye aliyekuja kusomwa na Milton, na Keats, na wengine wote.

Hapa naomba niingilie, kwa sababu sauti zote mbili zinazungumza juu ya "lugha ya kale" kana kwamba ni kitu kimoja. Tukichukua "thou" peke yake tutaona historia iliyojaa mapinduzi.

Katika Kiingereza cha kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, mtu mmoja aliitwa "thu" na watu wengi waliitwa "ge". Ilikuwa nafsi ya pili umoja na nafsi ya pili wingi, kama tulivyo na "wewe" na "ninyi", bila daraja wala adabu ndani yake. Baadaye Kifaransa kilipotawala katika makasri, Waingereza wakaiga desturi ya Kifaransa ya kumwita mkubwa kwa wingi. "You" ikawa ya heshima. "Thou" ikabaki kwa mtoto, mtumishi, mpenzi, rafiki wa karibu, Mungu katika sala, na adui unayetaka kumdhalilisha. Mwaka 1603, Sir Walter Raleigh aliposhtakiwa kwa uhaini huko Winchester, mwanasheria mkuu Edward Coke alimpiga kwa "thou" mbele ya mahakama nzima, na kila aliyekuwepo alielewa kwamba lile lilikuwa tusi. Karne hiyohiyo Waquaker walisisitiza kumwita kila mtu "thee", awe hakimu au lodi, kwa imani kwamba binadamu wote ni sawa mbele ya Mungu. Wengi wao waliadhibiwa kwa kukataa kuwapa wakubwa heshima waliyoizoea.

Kufikia mwisho wa karne ya 17, "thou" ilikuwa imekwisha kutoweka katika Kiingereza cha kawaida cha miji ya kusini, ingawa Yorkshire na Lancashire waliendelea nayo vijijini mpaka karne ya 20. Kilichoiokoa ni Biblia. Tafsiri ya Mfalme James ilitoka mwaka 1611, lakini sehemu kubwa ya Agano Jipya lake ilirithiwa kutoka kwa William Tyndale, aliyechapa lake mwaka 1526 na kuuawa mwaka 1536. Kiebrania na Kigiriki hutenganisha mmoja na wengi, na watafsiri walitaka kulinda tofauti hiyo. Kwa hiyo walishika "thou" kwa mmoja na "ye" kwa wengi, wakati mitaani watu walikuwa wameanza kuiacha. Biblia ile ilizaliwa ikiwa tayari na lugha ya jana. Vizazi vilivyofuata havikuisikia "thou" popote isipokuwa kanisani, na neno lililokuwa la jikoni na la chumbani likawa la madhabahuni. Utukufu tunaousikia leo ndani ya "thou" uliongezwa na wasomaji, neno lenyewe halikuwa nao.

MPWA: Basi mwandishi wetu amenipa silaha. Kama "thou" ilikuwa ya mtoto na mtumishi, askari anapomwambia mfalme "thou" katika riwaya, anamtukana! Na riwaya zimejaa hilo. Mwaka 1962 kampuni ya Marvel ilimtoa Thor katika vitabu vya katuni, na baada ya muda mungu yule wa Wanorse akawa anazungumza kama mwigizaji wa Shakespeare. Tangu hapo kila kijana anayetaka kuandika fantasia anadhani inatosha kubandika "-eth" mwishoni mwa kitenzi. Hawajui kwamba "-est" ni ya anayeambiwa na "-eth" ni ya anayesemwa. Nimesoma miswada ambayo mfalme anasema kama mtu asiyeijua lugha yake mwenyewe.

SHANGAZI: Kwa hao, baba, sina la kuwatetea. Ursula K. Le Guin aliwakaripia tangu mwaka 1973 katika insha yake From Elfland to Poughkeepsie. Alisema wazi kwamba lugha ya kikale inataka ujuzi kamili, na ukiteleza mara moja umeharibu. Aliwaonya wanaoanza wasimwige Lord Dunsany, kwa sababu Dunsany ni mtego. The Gods of Pegāna, ya mwaka 1905, ina mwendo wa Biblia ya Mfalme James, sentensi fupi zinazounganishwa kwa "na", na miungu iliyobuniwa yote. Anayeiga bila kuwa na sikio lile hutoa sala isiyo na imani. Vilevile E. R. Eddison, ofisa wa serikali katika Bodi ya Biashara, aliyetoa The Worm Ouroboros mwaka 1922. Yeye aliandika kwa Kiingereza cha karne ya 17 tangu mwanzo mpaka mwisho, na miaka minane baadaye akafasiri saga ya Egil. Le Guin alimkubali Eddison kwa sababu Eddison alikijua Kiingereza kile barabara. Waigaji hawakukijua.

MPWA: Umesema mwenyewe: wachache walikijua. Sheria inayomruhusu mmoja kati ya elfu ni sheria mbaya.

SHANGAZI: Fani zote ziko hivyo. Wanaojaribu utenzi ni wengi, na wanaouweza ni wachache, lakini hatujaufuta utenzi. Sasa turudi kwa Tolkien wako, maana nina la kukuonyesha. Wewe unafasiri, kwa hiyo utalielewa haraka. Mwishoni mwa The Lord of the Rings kuna Kiambatisho F, ambacho wasomaji wengi hukiruka. Humo anaeleza kwamba katika lugha ya watu wake kulikuwa na umbo la heshima na umbo la ukaribu, na kwamba hobiti, watu wafupi wa nchi ya Shire, walikuwa wameliacha lile la heshima. Ndiyo maana hobiti Pippin alipofika nchi ya Gondor alimwita Denethor, mtawala wa mji, kwa umbo la ukaribu. Watumishi wa Denethor walishangaa, na uvumi ukaenea kwamba Pippin ni mtu wa cheo kikubwa sana kwao. Kisha anaongeza kwamba mahali pachache amehama kutoka "you" kwenda "thou" makusudi, kuonyesha kwamba anayesema ameacha heshima na kuingia katika ukaribu.

MPWA: Wapi?

SHANGAZI: Fungua pale Éowyn anapomuaga Aragorn kabla hajaingia Njia za Wafu. Usiku wanapozungumza anaanza kwa kumwita "you", kama inavyompasa binti wa ukoo wa kifalme mbele ya mgeni. Mwishoni mwa mazungumzo hayo anahamia "thou", na asubuhi ya kuondoka anaendelea nayo. Hasemi nakupenda, hasa. Anasema kwamba wale wanaomfuata Aragorn wanakwenda kwa sababu hawataki kutengana naye, kwa sababu wanampenda, na katika kiwakilishi kile amejiingiza mwenyewe miongoni mwao. Aragorn anajibu nini? Asubuhi hiyo anajibu kwa umbo la heshima, anamwita bibi, anamtaja mfalme na kaka wa Éowyn. Hata bila maneno ya kukataa, kiwakilishi chake kingetosha kuwa jibu. Wewe uliyesema maneno ya kale hutumika kuzipa uzito fikra nyepesi, niambie: katika Kiingereza cha leo, chenye "you" moja tu kwa wote, angeliandikaje tukio hilo?

MPWA: (baada ya kunyamaza) Asingeweza kwa njia hiyo. Angetafuta njia nyingine. Nami katika Kiswahili itanibidi nitafute njia nyingine, kwa sababu "wewe" yetu haina ufa huo. Heshima yetu imekaa katika majina ya kuitana: bwana, mheshimiwa, kaka, mama. Pengine Éowyn aanze na "bwana wangu", kisha pale anapobadilika aseme jina tupu.

SHANGAZI: Sasa unafasiri.

MPWA: Tukio moja nalikubali. Lakini sura nzima za Rohan na Gondor je? Hugh Brogan, mmoja wa wasomaji wa mwanzo, alimlalamikia Tolkien kuhusu lugha ya The Two Towers, sehemu ya pili ya kitabu hicho. Kwa nini Théoden, mfalme wa Rohan, asiseme tu kama watu?

SHANGAZI: Na jibu lipo. Mwaka 1955 Tolkien alianza kumwandikia Brogan barua ndefu, ambayo hakuituma ilivyokuwa. Alichukua maneno ya Théoden akayaandika mara mbili nyingine: mara moja kwa Kiingereza cha kale halisi, na mara moja kwa Kiingereza cha mazungumzo ya kisasa. Hoja yake ilikuwa na ncha mbili. Ya kwanza: yeye hakutumia Kiingereza cha kale halisi, alitumia cha kikale kilicholainishwa, na cha kale halisi ni kifupi na kikavu kuliko cha leo. Ya pili ndiyo kubwa. Mfalme mzee anayetaka kufa vitani na upanga mkononi hawezi kusema kwa maneno ya mtu wa ofisini, kwa sababu mtu anayesema hivyo hafikiri hivyo. Ukimpa maneno ya kisasa, neno na fikra vinaachana, na yeye anakuwa mwongo.

Kwa hili niko na Shangazi bila kusita, na nitaongeza jambo moja. Wanaomshutumu Tolkien kwa ukale huzungumza kana kwamba kitabu chake chote kimeandikwa kwa sauti moja. Sivyo. Hobiti husema kama Waingereza wa mashambani wa miaka ya Malkia Victoria. Orki husema kama askari wakorofi wa kambini, na lugha hiyo Tolkien aliisikia mwenyewe jeshini. Tom Shippey, aliyewahi kushika cheo cha uprofesa huko Leeds ambacho Tolkien alikuwa nacho kabla ya kwenda Oxford, ameichambua sura ya Baraza la Elrond na kuonyesha kwamba kila mjumbe ana Kiingereza cha zama zake. Wa kisasa kuliko wote ni Saruman, msaliti. Husema kama mwanasiasa wa karne ya 20: maneno makubwa ya jumla, maendeleo, mpangilio, malengo ya mbali yanayohalalisha maovu ya karibu. Hii ni kazi ya mtu aliyewahi kuajiriwa na Kamusi ya Kiingereza ya Oxford mwaka 1919 na 1920 kufuatilia historia ya maneno moja baada ya jingine, kisha akawa profesa wa Kiingereza cha Kale mwaka 1925. Lugha ya kikale kwake ni ngazi. Msomaji anaondoka Shire katika Kiingereza anachokijua, anapanda taratibu mpaka Minas Tirith, na anaposikia wafalme wakisema kama wafalme ameshafundishwa kuwasikia.

MPWA: Mwandishi wetu, umefika hapo ambapo mimi nilitaka tufike. Ni nani anayepewa lugha ya kale, na ni nani anayepewa ya leo? Tuache Ulaya kidogo. Wengi wetu hapa tulikisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya mwaka 1929 kutoka riwaya ya Rider Haggard ya mwaka 1885. Mimi nilikuja kuisoma ile ya Kiingereza baadaye. Nikakuta jambo ambalo Kiswahili kilikuwa kimelificha. Quatermain, msimulizi, na wenzake Waingereza wanazungumza Kiingereza cha kawaida cha zama zao. Waafrika wanapowajibu wanasema "thou" na "thee". Haggard ameweka hata sababu ndani ya hadithi: Quatermain anasema lugha ya Wakukuana, Waafrika wa hadithi hiyo, ni Kizulu cha zamani, na kwamba uhusiano wake na Kizulu cha siku zile ni kama wa Kiingereza cha Chaucer na Kiingereza cha karne ya 19. Mnaona? Mtu aliye hai, anayesimama mbele yako mwaka ule ule, anaambiwa amebaki karne tano nyuma.

SHANGAZI: Hilo ni kweli.

MPWA: Na Richard Burton, aliyefika Unguja na kuondokea pwani hii mwaka 1857 kutafuta maziwa makuu, alipotoa tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela mwaka 1885 aliijaza maneno ya Kiingereza yaliyokufa na mengine aliyoyaunda mwenyewe. Mwarabu naye akapewa zamani. Lugha hiyohiyo mnayoisifu kwa kumpa mfalme hadhi ilitumika kuwaambia wasomaji wa London kwamba sisi si watu wa leo.

SHANGAZI: Nina neno moja la kumtetea Haggard, kisha nitakuachia uwanja. Mwaka 1892 alitoa Nada the Lily, riwaya ambayo takriban wahusika wake wote ni Wazulu. Pale lugha ya kikale iko kwa kila mtu, mwema na mbaya, na haipimwi kwa kulinganishwa na Mwingereza. Haggard alikuwa ametoka Aisilandi mwaka 1888, alikuwa ameandika Eric Brighteyes kwa namna ya saga, na aliwaandika watu wa Chaka kwa mwendo uleule wa saga. Kwa hiyo anawapa ukubwa wa mashujaa wa kale. Lakini sitakataa ulichosema kuhusu Mashimo. Pale ambapo mmoja anapewa zamani na mwingine anapewa leo, lugha imekuwa mpaka, na aliyeuchora ndiye aliyejichagulia upande.

MPWA: Hapo tumekutana.

SHANGAZI: Tumekutana kwa hilo tu. Usidhani nimekubali kwamba kila kitu kiandikwe kama habari ya redio.

MPWA: Sijasema hivyo. Walter Scott alilijibu jambo hili vizuri kuliko Morris, na mapema zaidi. Alikuwa amemalizia riwaya ya Joseph Strutt, Queenhoo Hall, iliyotoka mwaka 1808 baada ya kifo cha Strutt, akaona ilivyoshindwa kwa sababu ilijaa mambo ya kale na maneno ya kale mno. Alipoandika Ivanhoe, yenye kisa cha mwaka 1194, alieleza mwanzoni kwamba hawezi kutumia Kiingereza cha zama zile, maana hakuna atakayemwelewa. Akachagua lugha inayosomeka, akaepuka tu maneno ambayo dhahiri ni ya kisasa. Na George R. R. Martin, tangu A Game of Thrones ya mwaka 1996, anafanya karibu hivyohivyo: neno la kale hapa na pale, cheo kilichobadilishwa tahajia, na vingine vyote Kiingereza cha leo. Mamilioni wamemsoma bila kujikwaa.

SHANGAZI: Wamemsoma, na nampenda. Lakini kwake hakuna tukio kama lile la Éowyn, kwa sababu amechagua ala isiyo na uzi huo. Le Guin ndiye mwenye jibu linalonituliza. A Wizard of Earthsea, ya mwaka 1968, karibu haina neno la kizamani. Sentensi zake ni nyepesi kwa macho, lakini hakuna mhusika anayeropoka. Anasema kidogo, na kila neno lina kazi. Alizijua saga, aliujua mwendo wa masimulizi ya mdomo, akachukua mwendo akaacha msamiati. Huenda huko ndiko Morris alikokuwa anakwenda bila kufika.

Nami sasa nitoe uamuzi, kwa kuwa mjadala usio na uamuzi humwacha msomaji mlangoni.

Kwa Spenser na Morris nampa haki Shangazi, ingawa nakiri kwamba kurasa za Morris zinachosha na msomaji wa leo ana haki ya kuziruka. Kwa waigaji waliofuata, hasa waliozaliwa na soko lililofunguliwa na mfululizo wa fantasia wa kampuni ya uchapishaji ya Ballantine, uliowarudisha Morris na Dunsany madukani kati ya mwaka 1969 na 1974, nampa haki Mpwa. Wengi wao waliokota miisho ya vitenzi bila kujua sarufi yake. Kwa Haggard na Burton nampa haki Mpwa tena, na ningependa walimu wanaosomesha vitabu hivyo waliseme jambo hilo darasani waziwazi: waangalie na wanafunzi wao nani anaitwa "thou" na nani anaitwa "you". Kwa Tolkien, Shangazi ameshinda, na ushindi wake unatokana na Kiambatisho F.

Kiingereza cha kikale katika fantasia hakihukumiwi kwa umri wa maneno yake. Kinahukumiwa kwa mambo mawili: kama mwandishi anaijua sarufi anayoitumia, na kama amegawa lugha ile kwa wahusika kwa haki na kwa maana. Aliyefaulu yote mawili aachwe aandike. Aliyekosa moja, kitabu chake kitakufa kabla ya lugha yake.

Na kwa wafasiri wetu nina ombi. Atakayeishika kazi kama hii ili aitie katika Kiswahili asianze na sura ya kwanza. Aanze na viambatisho, apite kitabu kizima akiandika pembeni nani anamwita nani vipi na wapi anabadilika, aamue mapema jinsi kila daraja litakavyosikika kwa Kiswahili, kwa vyeo, kwa majina ya ukoo, kwa mpangilio wa sentensi. Baada ya hapo ndipo aguse ukurasa wa kwanza.